Kuanzisha Gazeti Dogo Nyumbani: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kukopa



Katika robo ya mwaka iliyopita Ofisi ya Miradi ilipokea maombi kumi na moja ya mikopo midogo. Kumi yalikuwa ya aina tunayoifahamu: kuku wa mayai, mashine ya kusaga, cherehani, duka la pembejeo. La kumi na moja lilitukalisha mezani muda mrefu. Mume na mke, mume mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mke mwenye duka dogo la vifaa vya kuandikia, wanaomba shilingi 2,500,000 ili waanzishe gazeti la kata yao, wakilitengenezea sebuleni kwao. Pembeni ya fomu kamati ya usharika iliandika kwa kalamu nyekundu kwamba inaomba ushauri, kwa kuwa haijawahi kuona mradi wa namna hiyo.

Sisi tumewahi kuuona, na ndiyo maana tumeona tuandike makala hii badala ya kujibu barua moja. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisimamia jarida la habari la eneo moja la Dayosisi kwa fedha za wafadhili. Lilikuwa na karatasi nzuri na picha za rangi, na nakala zake ziligawiwa bure. Fedha zilipokwisha, jarida lilikwisha mwezi huohuo. Kwenye stoo yetu yalibaki maboksi ya nakala zisizogawiwa, na baadaye tulizikuta sokoni zikifungia maandazi. Hatukuwaeleza wafadhili wetu wazi wakati ule kwamba kosa lilikuwa la kwetu. Tulihesabu nakala zilizochapwa, tukaziita "walengwa waliofikiwa". Hatukujua ni wangapi wangekuwa tayari kutoa hata shilingi mia moja kulinunua, kwa sababu hatukumwuliza mtu.

Kwa hiyo familia hii inapokuja na wazo la kuuza gazeti, na si kuligawa, tunaona imetuzidi hatua moja tayari.

Magazeti madogo na Kanisa

Baadhi ya wazee wa kanisa wanaweza kujiuliza kama jambo hili ni la Kanisa. Gazeti la Kiswahili na misheni vimetembea pamoja tangu mwanzo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kutoa Msimulizi Zanzibar mwaka 1888, na mwaka 1910 misheni za Kiinjili za Kijerumani zilianza kutoa Pwani na Bara. Waalimu na wainjilisti wa vijijini ndio waliokuwa wakipeleka habari: mvua, vifo, shule mpya, simba aliyeonekana karibu na kituo. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni za elimu ya watu wazima, Serikali nayo kwa msaada wa UNESCO ilitoa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho katika kanda ya Ziwa, kwa ajili ya watu waliotoka kujifunza kusoma ambao hawakuwa na kitu cha kusoma.

Yote hayo yalikuwa magazeti ya taasisi. Familia inayotoa gazeti nyumbani kwa kujitegemea ni jambo jingine, ingawa halikosi mfano. Marafiki zetu wa Marekani watalikumbuka Storm Lake Times la mji wa Storm Lake, jimbo la Iowa, mji wa watu wapatao 11,000. Lilikuwa gazeti la familia, lenye nakala zipatazo 3,000, na mwaka 2017 lilipata tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake, ambazo zilihoji nguvu ya makampuni makubwa ya kilimo katika jimbo hilo. Hatulitaji ili mtu wa kata aote tuzo. Tunalitaja kwa sababu gazeti hilo liliendeshwa na ndugu wa familia moja, na waliokuwa wakilinunua ni majirani zao.

Litauza nini?

Hapa ndipo waombaji wengi wangeteleza. Ukimwambia mtu "gazeti", anafikiria siasa za kitaifa na mpira. Hizo watu wanazipata kwenye redio na kwenye simu siku hiyohiyo. Gazeti la mwezi linalorudia habari za Dodoma na Dar es Salaam ni gazeti lililochelewa.

Kinachouzika ni kile ambacho hakipatikani mahali pengine. Bei za gulioni kwa mazao matano au sita, pamoja na tarehe ilipochukuliwa bei hiyo. Ratiba ya chanjo za mifugo na kliniki ya watoto. Matokeo ya darasa la saba, shule kwa shule, si kwa mkoa mzima. Misiba, harusi, kipaimara. Nani anauza miche, nani anachimba visima, fundi gani ana mashine ya kuchomelea. Mbuzi aliyepotea. Ni yale matangazo ambayo katibu wa usharika huyasoma Jumapili kwa dakika arobaini huku watoto wakilala, lakini yaliyoandikwa, na yanayomfikia pia jirani Mwislamu, Mkatoliki na yule asiyekwenda ibadani kabisa.

Na kuna jambo kubwa kuliko hayo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo wananchi husomewa mapato na matumizi. Tunajua sote inavyokuwa: mkutano unaahirishwa, au unafanyika siku ya gulio, au taarifa inasomwa haraka na karatasi inarudi mfukoni. Gazeti la kata linaweza kuandika mkutano ulifanyika lini, waliohudhuria ni wangapi, na mfuko wa maji ulikusanya kiasi gani na kutumia kiasi gani. Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua ya kiofisi ana mtaji ambao kijana mwenye kompyuta mpya hana.

Kibali kwanza

Tunawaomba wanakamati wasiruke sehemu hii. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile Sheria ya Magazeti ya 1976, inataka chombo cha habari cha kuchapwa kiwe na leseni inayotolewa na Idara ya Habari, yaani MAELEZO. Kuchapisha gazeti bila leseni ni kosa. Sheria hiyohiyo inataka mwandishi wa habari awe na ithibati. Udogo wa gazeti na udogo wa kijiji si kinga. Mwombaji aandike barua MAELEZO, aeleze anachotaka kutoa, kurasa ngapi, mara ngapi, litasambazwa wapi, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kununua hata rimu moja ya karatasi. Akitaka pia kuweka habari zake mtandaoni, hapo kuna kanuni nyingine za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA. Jina la biashara husajiliwa BRELA, na namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA kama kwa duka lolote.

Familia tuliyoitaja haikuwa imefanya hata moja kati ya hayo. Tumewarudishia fomu wakamilishe. Mwalimu hakufurahi, alisema kwamba akisubiri vibali vyote msimu wa mavuno utapita. Huenda ni kweli. Lakini mkopo wa Dayosisi hauwezi kununua karatasi ya gazeti lisilo na leseni, na atakayeitwa kituoni atakuwa yeye, si sisi.

Hesabu ya toleo moja

Sasa tuje kwenye fedha. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu. Kila kamati iweke bei za kwake.

Gazeti linapangwa kwa kurasa nne nne. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A4. Gazeti la kurasa nane linahitaji karatasi mbili za A3, na rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 250. Mtu anayepanga kurasa saba au kumi atakuwa na ukurasa mtupu analipia.

Kuchapa kwa fotokopi kuna bei ileile kwa kila ukurasa, uwe unatoa nakala kumi au mia tano. Mashine ya kudurufu inafanya kazi tofauti: kila upande wa karatasi unatengenezewa stensili yake, ambayo ina gharama, na baada ya hapo kila nakala ni nafuu. Hivyo kwa nakala chache fotokopi ni nafuu, na kwa mamia mashine ya kudurufu ni nafuu. Shule nyingi za sekondari na baadhi ya ofisi za sharika zinayo mashine hiyo, na kwa kawaida hukaa bure nje ya wiki za mitihani.

Tuchukue nakala 300 za kurasa nane. Stensili nne kwa shilingi 3,000 ni shilingi 12,000. Karatasi 600 za A3 kwa shilingi 60 ni 36,000. Wino na malipo ya mashine, pande 1,200 kwa shilingi 30, ni 36,000 nyingine. Jumla ya kuchapa ni 84,000. Tuongeze 30,000 za nauli na simu, na 16,000 za umeme na uchakavu wa kompyuta. Toleo limegharimu shilingi 130,000.

Nakala inauzwa shilingi 500. Muuzaji, yaani kijana wa bodaboda au mama wa genge, anachukua 100. Anayetoa gazeti anabaki na 400. Akiuza nakala 220 kati ya 300, ambalo si jambo baya kwa mwezi wa kwanza, anapata 88,000. Amepungukiwa na 42,000 kabla ya kujilipa hata senti moja.

Pengo hilo linazibwa na matangazo ya biashara. Tuseme ana matangazo manane ya shilingi 10,000 kila moja. Kwenye karatasi hiyo ni 80,000, na faida yake ni 38,000. Lakini wenye biashara wa vijijini, na wanakamati mnawafahamu kwa kuwa wengine ni ninyi, hupenda kulipa "mwisho wa mwezi". Wakilipa watano tu kwa wakati, anakusanya 50,000 na faida inakuwa 8,000. Wakilipa wanne, ameingia hasara ya 2,000 na bado ana deni la stensili za toleo linalofuata. Maisha ya gazeti dogo yanategemea kitabu cha stakabadhi kuliko kalamu ya mhariri. Ushauri wetu ni kwamba tangazo lisilolipiwa lisiingie, hata kama ni la mzee wa kanisa.

Wapo watakaosema basi achape 600 ili apate zaidi. Kila nakala ya nyongeza inagharimu shilingi 240 za karatasi na wino. Ikiuzwa inampa 400, faida 160. Isipouzwa amepoteza 240. Kwa hiyo katika kila nakala kumi za nyongeza, sita zikiuzwa amerudisha gharama tu. Maboksi yale ya stoo yetu yangetufundisha jambo hili mapema kama tungelipiga hesabu.

Katika hesabu yote hii hakuna mshahara. Hata mwezi mzuri unawapa watu wawili shilingi 38,000 kwa kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo hatuwezi kumshauri mtu aache kazi nyingine kwa ajili ya gazeti. Linafaa kwa nyumba yenye kipato kingine: pensheni, duka, shamba. Tena linafaa zaidi pale linapoleta wateja kwenye shughuli nyingine ya nyumba hiyo. Yule mama mwenye duka la vifaa tayari anachapia watu barua na kadi za harusi. Anayekuja kuleta tangazo la msiba atapiga fotokopi, atanunua bahasha. Sisi tunaona faida halisi ya gazeti iko hapo, ingawa haimo katika andiko lao la mradi.

Mashine waliyoitaka

Katika shilingi 2,500,000 walizoomba, sehemu kubwa ilikuwa ya kununua mashine ya kuchapia. Tumependekeza wasiinunue. Mashine iliyotumika ikiharibika kijijini inasubiri fundi kutoka mjini, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Wakodi mashine ya shule kwa matoleo sita ya kwanza. Mkopo ulipie gharama za leseni, matengenezo ya kompyuta waliyonayo, na karatasi na stensili za matoleo matatu. Programu za kupanga kurasa zisizolipiwa zipo na zinatosha. Tumekadiria kwamba chini ya nusu ya walichoomba kinatosha kuanza.

Kosa la bei ya maharage

Lile jarida letu lilikuwa na kona ya bei za mazao. Toleo moja lilitoka na bei ya maharage ya miezi miwili nyuma, kwa kuwa aliyetakiwa kwenda gulioni hakwenda, naye alinakili karatasi ya zamani. Wanawake wa mtaa mmoja walisoma, wakakusanya magunia, wakakodi gari mpaka mnadani. Bei ilikuwa imeshuka sana. Waliuza kwa hasara kwa sababu hawakuwa na nauli ya kurudisha mzigo. Walikuja ofisini, wakakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Tuliomba radhi kwa mdomo. Kwenye jarida hatukuandika neno, tukiogopa kwamba wafadhili wangesoma.

Tunaandika sasa. Gazeti la nyumbani litakosea pia, na mtu aliyepata hasara anajua mlango wa mhariri ulipo. Sahihisho liwekwe ukurasa wa kwanza la toleo linalofuata, kwa herufi za ukubwa uleule. Kila bei iandikwe jina la gulio na tarehe. Habari inayomtuhumu mtu isitoke kabla mtu huyo hajaulizwa, na jibu lake likawekwa. Jina la mtoto, la mgonjwa au la mwenye VVU lisitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika, lakini hata bila sheria, kijijini hakuna pa kujificha.

Usharika na gazeti

Limebaki swali ambalo baba mchungaji wa usharika huo alituuliza kwa simu: je, kwa kuwa mkopo ni wa Kanisa, yeye atakuwa anasoma kurasa kabla hazijachapwa?

Tulilijadili ofisini, na hatukukubaliana wote. Wengine walisema mchungaji ni mlezi, na familia hii ni kondoo wake. Mwishoni tulimjibu kwamba hapana. Mkopo ni deni, nalo litalipwa kwa fedha. Usharika haumwulizi mwenye kuku mayai atamwuzia nani. Siku gazeti litakapoandika kwamba fedha za ujenzi wa zahanati ya kijiji hazijulikani zilipo, watu wataliamini ikiwa tu wanajua kwamba halikupita kwanza kwa mtendaji, diwani au mchungaji. Na siku litakapoandika kwamba jengo la usharika limesimama tangu mwaka juzi huku michango ikiendelea, itatuuma, nasi tutakuwa na nafasi ya kujibu kama msomaji mwingine yeyote. Ikiwa kamati haiko tayari kwa siku hiyo, ni afadhali isipitishe mkopo huu, kuliko kuupitisha halafu ikaanza kudai kurasa.

Tunachoomba sharika zifanye ni kidogo: kununua tangazo kwa bei ya wote na kulilipia taslimu, na kuruhusu wauzaji wasimame nje ya uwanja wa kanisa baada ya ibada, pale ambapo mnada wa mazao ya sadaka unafanyika na watu wana chenji mkononi. Kwa wafadhili wetu, tunaomba msitume fedha za kugawa nakala bure. Mtu anayepewa bure leo hatanunua mwezi ujao. Kama mngependa kusaidia, gharameni mafunzo ya uandishi na utunzaji wa hesabu kwa watu wachache.

Familia imetuletea wiki mbili zilizopita nakala ya barua yao kwa MAELEZO, na toleo la majaribio la kurasa nne lililoandikwa kwa mkono, ambalo halijachapwa wala kuuzwa. Ukurasa wa kwanza una bei za gulio la Alhamisi, zenye tarehe. Wa nne una matangazo matatu, na mama ameambatanisha stakabadhi ya ahadi ya kila moja: duka la pembejeo, fundi wa pikipiki na mwuza miche ya parachichi. Wanahitaji matano zaidi. Kamati ya Mikopo itakaa mara barua ya leseni itakapojibiwa, na uamuzi wake utatolewa katika toleo lijalo.

Sharika zenye maombi ya aina hii zilete fomu kupitia kwa wakuu wa majimbo, zikiwa na hesabu ya toleo moja iliyopigwa na mwombaji mwenyewe kwa bei za mahali pake.